Nani Huishia Barazani? Jeraha la Ubongo na Kukosa Makazi Arua na Koboko

Nje ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Onduparaka ni jina la timu ya mpira. Klabu hiyo ya pembezoni mwa Arua ilianzishwa mwaka 2011, ikapanda ligi kuu ya Uganda mwaka 2016, na wachezaji wa Kampala wakalazimika kuzoea safari ya karibu kilomita 500 kuja kuzomewa katika uwanja wa Green Light. Kwa wenyeji, Onduparaka ni kituo cha biashara kama vingine: maduka, steji ya bodaboda, miembe, watu wa kwenda na kurudi mjini. Ni mahali pazuri pa kulijaribia swali ambalo hadi sasa limeulizwa zaidi Toronto, Leeds na Glasgow: katika watu wasio na pa kulala, wangapi waliwahi kuumia ubongo, na kipi kilitangulia, jeraha au mtaa?

Majibu ya huko yanajulikana. Mwaka 2008 Stephen Hwang na wenzake walichapisha majibu ya watu 904 wa Toronto wasio na makazi. Asilimia 53 walisema wamewahi kuumia kichwa kiasi cha kuzirai au kuchanganyikiwa, na saba katika kila kumi ya hao walisema jeraha la kwanza liliwapata kabla hawajapoteza nyumba. Leeds, mwaka 2012, Michael Oddy na wenzake waliwalinganisha wasio na makazi na watu wengine: asilimia 48 kwa 21. Kisha Jacob Stubbs wa Chuo Kikuu cha British Columbia na wenzake wakazikusanya tafiti za namna hii na kuzipima kwa pamoja katika jarida la The Lancet Public Health la mwaka 2020. Jumla haikusogea mbali: kama asilimia 53 wamewahi kuumia, na asilimia 22.5 wana jeraha la kati au kubwa. Hiyo ya pili ndiyo ya kutisha, kwa sababu inakaribia mara kumi ya kinachokadiriwa kwa watu wengine. Tafiti hizo zilitoka nchi tajiri.

Zina udhaifu wake, na anayezinukuu bila kuutaja anatuuzia mbuzi kwenye gunia. Nyingi zinategemea kumbukumbu ya anayeulizwa, na mtu aliyezirai si shahidi mzuri wa kuzirai kwake. Halafu kutangulia si kusababisha. Mtoto anayelelewa kwa kipigo anaweza kuondoka na vyote viwili, kichwa kilichoumia na sababu ya kukimbia nyumbani, bila kimoja kukizaa kingine. Mimi naona jeraha kuwa mzigo juu ya mzigo. Peke yake halimtupi mtu nje, lakini likimkuta maskini humnyang'anya kile kidogo alichokuwa akipambania nacho.

Elimu ya ustawi wa jamii imeongeza hapa kitu ambacho hospitali haikikuona vizuri. Daktari huanza na mgonjwa aliyezimia. Kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, humpa alama kati ya 3 na 15 kwa jinsi anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. Akifika 15 na kidonda kikifunga, anaruhusiwa. Ofisa wa ustawi wa jamii humkuta mtu huyohuyo miaka miwili mitatu baadaye, na 15 zake zote, mke ameondoka, kazi hana, na kila ndugu ana kesi naye. Hatibiwi tena na mtu yeyote, kwa kuwa amepona.

Jeraha linalomfikisha mtu mtaani mara nyingi si lile linalomlaza kitandani. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoumia kirahisi kichwa kinaporushwa na kusimamishwa ghafla. Nayo husimamia mambo yasiyoonekana: kupanga, kuanza jambo na kulimaliza, kuushika ulimi, kusoma uso wa mwenzako, kuona kosa lako mwenyewe. Aliyeumia hapo hutembea vizuri, husalimia vizuri, hukumbuka hadithi za utotoni. Wanasaikolojia Melanie George na Sam Gilbert waliandika mwaka 2018 juu ya kitendawili kinachotokana na hali hii: mtu huyu hujieleza vizuri akiwa amekaa kitini, kisha hashindwi kusema bali hushindwa kutenda. Ukimuuliza utafanyaje chakula kikiisha, atakueleza hatua kwa hatua. Ukimfuata nyumbani utakuta hajafanya hata moja.

Kwa ofisa anayefanya kazi mezani, huo ni mtego. Arua au Koboko, ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii ana wilaya nzima, ana kesi za watoto, za talaka, za mirathi, na mara nyingi hana mafuta ya pikipiki. Mtu anayekuja kwake akajieleza kwa ufasaha huandikwa kwamba anajiweza. Tafiti za ustawi wa jamii za Uingereza zimekuwa zikilia juu ya jambo hilihili kwa miaka: usimpime mtu kwa maneno yake peke yake, muulize anayeishi naye, nenda ukaone jiko lake.

Tuje basi kwenye vichwa vya West Nile na jinsi vinavyoumia.

Barabara ndiyo ya kwanza kutajwa. Ile ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92 kutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini, ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Lami ilileta soko, mabasi na mwendo. Juu yake zinapita pikipiki za Bajaj na Senke, mara nyingi kwa mtindo wa mshikaki: dereva, mama, mtoto na gunia. Kofia ngumu imetakiwa na kanuni tangu mwaka 2004, lakini kofia ya abiria ni nadra, na ya dereva huning'inia kwenye usukani kama leseni ya kumwonyesha askari. Kwa nchi nzima, polisi ya Uganda ilihesabu vifo 5,144 vya barabarani mwaka 2024, kutoka 4,806 mwaka uliotangulia. Waliokufa huhesabika. Waliogonga kichwa wakaamka hawamo katika hesabu hiyo, na ndio tunaowazungumzia.

Barabara si chanzo pekee. Msimu wa maembe watoto huanguka kutoka miembeni. Wezi wa kuku, na wanaodhaniwa kuwa wezi wa kuku, hupigwa na umati. Wake hupigwa na waume, mara nyingi usoni na kichwani. Na kuna vita, tabaka juu ya tabaka. Baada ya Idi Amin, ambaye asili yake ni huko, kuangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walilipizwa kisasi na wengi wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa na wanajeshi, na walionusurika walibaki na makovu ya risasi na ya vitako vya bunduki. Miaka ya 1990 ilikuwa na waasi wake, hadi mkataba wa serikali na waasi wa UNRF II wa Desemba 2002. Kisha upande wa pili wa mpaka: Sudan Kusini ililipuka Desemba 2013, ikalipuka tena Julai 2016, na kuanzia Agosti mwaka huo hadi Desemba Bidibidi ya Yumbe iligeuka kutoka pori hadi makazi ya watu zaidi ya 250,000.

Kuna chanzo kingine ambacho orodha za Toronto hazina, nacho kwa West Nile huenda kikawa kizito kuliko bodaboda. Waswahili husema malaria imepanda kichwani. Wanasayansi wa hospitali ya Mulago, Kampala, na wenzao wa Marekani, akina Chandy John, Michael Boivin na Paul Bangirana, waliwafuatilia watoto wa Uganda waliougua malaria ya ubongo wakapona. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba miaka miwili baadaye, karibu asilimia 26 ya watoto hao walikuwa na upungufu wa kiakili unaopimika, dhidi ya karibu asilimia 8 ya watoto wengine wa jamii zao. Mtoto wa namna hiyo hana kovu. Anaitwa mzito darasani, anaitwa mtundu, anaacha shule darasa la nne, na akiwa na miaka 14 yuko sokoni Arua akibeba mizigo na kulala juu ya maboksi. Utafiti wa jeraha la ubongo na kukosa makazi ukiuliza vipigo tu, huku kwetu utawakosa watoto hawa wote.

Lakini swali lina mguu wa pili, na hapo mambo yanageuka. Kukosa makazi ni nini mahali ambapo ardhi ni ya ukoo?

Kwa Walugbara na Wakakwa, kijana hazaliwi bila mahali. Ana boma la baba yake, ana kipande cha kulima, na akitaka kujenga atajenga. Hakuna mwenye nyumba wa kumfukuza kwa kodi, walau si kijijini. Ndiyo maana mtu wa nje akifika Onduparaka na dodoso la Toronto anaweza kuondoka akiandika kwamba tatizo halipo. Lipo, ila limejificha katika namna nyumba inavyoishi. Nyumba ya nyasi haidumu. Baada ya misimu kadhaa paa linaoza na kuanza kuvuja, na lazima liezekwe upya. Kuezeka kunataka akili ya mwaka mzima: kukata nyasi kiangazi kabla moto wa porini haujazimaliza, kuzifunga na kuzihifadhi, kuweka akiba ya nafaka ya kupikia kwete, kuwaomba ndugu na majirani siku moja, kuwagawia kazi, kuwanywesha, na kukumbuka kuwalipa kwa kwenda kuezeka kwao. Hakuna hatua hata moja inayohitaji misuli kuliko inavyohitaji paji la uso. Kupanga, kungoja, kujizuia, kudumisha urafiki: ndiyo mambo yaleyale ambayo jeraha huyaharibu.

Tumchukulie kijana wa bodaboda aliyeanguka. Hospitali ya rufaa ya Arua imemshona, imemlaza siku chache, na karatasi ya kuruhusiwa inasema ajali ya barabarani, jeraha la kichwa, hali nzuri. Anarudi nyumbani. Miezi ya kwanza kila mtu anamhurumia. Kisha anaanza kusahau marejesho ya pikipiki aliyoichukua kwa mkopo, na mwenye pikipiki anaichukua. Anamtukana mwenyekiti wa steji mbele ya watu. Anauza jembe la mama yake akanywe. Mke, aliyekwisha kuchoka na usiku wa kelele, anarudi kwao, na sasa kuna mjadala wa mahari. Kaka zake wanasema ameharibiwa na pombe, shangazi anasema amerogwa, mchungaji anasema ana pepo. Akianza kuanguka kifafa, jambo la kawaida baada ya jeraha kubwa, watu wanaogopa kumshika kwa imani kwamba povu lake linaambukiza. Nyasi hazikukatwa. Paa linavuja msimu wa kwanza, msimu wa pili ukuta wa udongo unaanguka. Hakufukuzwa na mtu. Analala barazani mjini.

Hoja yangu nzima imo hapo. Katika West Nile kinachomkinga mtu na mtaa ni uvumilivu wa ndugu, na jeraha la ubongo hushambulia uvumilivu huo moja kwa moja. Aliyekatika mguu huonekana ana shida kila anaposimama, na huruma ya watu humfuata. Aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo anaonekana mkorofi. Utafiti wa ustawi wa jamii unaotaka kulielewa tatizo hili haufai kuanza na waliolala barazani tu. Hao ni mwisho wa hadithi. Uanze na kaya zilizopokea mgonjwa kutoka wodi ya upasuaji, uzifuatilie, na uulize ni mwezi gani ndugu walichoka, na kitu gani kilikuwa kimetokea wiki ile.

Katika makazi ya wakimbizi hesabu ni nyingine. Uganda haikuweka kambi za uzio. Kwa sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 mkimbizi hupewa kiwanja, na Bidibidi kilikuwa cha mita 30 kwa 30. Kwa macho ya serikali ana makazi. Kwa mfumo wa maana uliopendekezwa mwaka 2015 na taasisi ya kimataifa inayoshughulikia kukosa makazi, iliyoko Chicago, aliye kwenye kambi au makazi ya muda ya wakimbizi anahesabiwa upande wa wasio na nyumba. Siuoni ugomvi huo kuwa na faida kubwa. Muhimu ni kwamba Rhino Camp, Imvepi au Lobule ya Koboko, wanakoishi Wakongo, mtu hubaki na pa kuishi kwa kutimiza mlolongo wa mambo: kujenga kwa miti na turubai, kufika siku ya mgao kwa tarehe, kuweka alama ya kidole, kutunza kadi, kujua namba ya simu inayopokea fedha, kukata rufaa jina lako likikosewa. Hakuna ukoo mkubwa nyuma yake. Wengi waliofika ni wanawake na watoto, bila wajomba na bila baba wakubwa.

Mwezi Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya uhitaji: walio dhaifu zaidi wakabaki na mgao mkubwa, wengi wakapunguziwa, wachache wakaondolewa kabisa. Mipango ya namna hiyo huwa na msamiati wake, na kila anayeishi kwenye makazi anazijua herufi PSN, za watu wenye mahitaji maalumu. Mzee anaonekana. Kipofu anaonekana. Mjamzito anaonekana. Mwanamume wa miaka 28 anayetembea, anayejieleza, na ambaye hawezi kukumbuka kama jana alikula, huwekwa na wenye nguvu.

Si kwamba West Nile haikufanyiwa utafiti. Ni moja ya sehemu za Afrika zilizopimwa sana upande wa kiwewe. Mwaka 2004 Unni Karunakara na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha Wasudani waliobaki kwao, Wasudani waliokimbilia West Nile na Waganda wenyeji. Dalili za msongo wa baada ya kiwewe zilionekana kwa karibu nusu ya watu wa makundi mawili ya kwanza, na kwa kama asilimia 18 ya wenyeji. Mwaka huohuo Frank Neuner na wenzake walitoa matokeo ya tiba ya kusimulia maisha waliyoijaribu Imvepi kwa wakimbizi 43. Mwaka 2020 Wietse Tol na wenzake wakachapisha jaribio la wanawake 694 wa Sudan Kusini huko Rhino Camp, waliofundishwa katika vikundi, kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, namna ya kuukabili msongo. Ni kazi nzuri, na zimewasaidia watu.

Hata hivyo angalia dalili zenyewe: kukosa usingizi, hasira za ghafla, kusahau, kushindwa kutuliza akili, kujitenga. Kila moja inaweza kutoka kwenye kumbukumbu ya bomu, au kwenye ubongo uliotikiswa na bomu lilelile, au kwa vyote viwili pamoja. Anayetafuta kiwewe atapata kiwewe. Richard Mollica wa Harvard, ambaye dodoso lake la kiwewe limesafiri dunia nzima, aliliona hilo mapema, akaongeza maswali ya kupigwa kichwani na kukosa hewa. Mwaka 2009 yeye na wenzake walipiga picha za ubongo za wafungwa wa zamani wa kisiasa wa Vietnam Kusini na kukuta waliowahi kuumia kichwa wana maeneo ya gamba la ubongo yaliyopungua unene. Tofauti hii ina matokeo ya kikazi. Tiba ya mazungumzo inamtaka mtu akumbuke kikao kilichopita. Mwenye jeraha anahitaji vikao vifupi, maneno yaleyale yakirudiwa, ndugu akiwa amekaa pembeni, na jambo moja kwa siku. Bila kujua nani ni nani, mshauri atamwandika kwamba hashirikiani.

Wanaokosa nafasi kwenye makazi na kwenye boma huishia mahali pachache. Baraza za maduka na soko kuu la Arua. Wodi ya akili ya hospitali ya rufaa, ambako kifafa, kichaa na jeraha hukaa chumba kimoja. Na mahabusu. Uganda ilirithi kwa Mwingereza makosa ya uzururaji, vifungu vya 167 na 168 vya kanuni ya adhabu, ambavyo vilimruhusu askari kumkamata mtu kwa kukosa kazi na kukosa maelezo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka mkataba wa Afrika, na tarehe 2 Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikavifuta vipengele vya kifungu cha 168 vilivyotumika zaidi. Ni ushindi wa kweli. Lakini askari wa doria Arua anayemkuta mtu amelala barazani saa nane za usiku sasa hana kosa lile la kumkamatia, na hana pa kumpeleka pia. Atamfukuza aende baraza lingine.

Misaada ya serikali nayo imejengwa kwa watu wenye mpango. Fedha maalumu za watu wenye ulemavu hutolewa kwa vikundi vyenye mradi ulioandikwa. Mpango wa maendeleo wa parokia uliozinduliwa mwaka 2022, ule wa shilingi milioni moja kwa kaya, unapitia vikundi vya uzalishaji na SACCO. Kikundi ni mahudhurio, michango, heshima kwa mwenyekiti na subira ya mavuno. Mwenye jeraha la ubongo hufukuzwa kikundini kwa sababu zilezile zilizomfukuza stejini. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Ndivyo tu inavyotokea kila msaada unapodai uwe na kile ulichokipoteza ili uupate.

Kinachowezekana kwa fedha iliyopo ni kuuliza vizuri. Ohio, Marekani, John Corrigan na Jennifer Bogner walitunga mwaka 2007 njia ya kuuliza ambayo haihitaji mashine wala daktari. Siri yake ni ndogo. Ukimuuliza mtu kama amewahi kuumia ubongo, atasema hapana. Ukimpitisha kwenye maisha yake, tukio kwa tukio, atakumbuka. Kwa Onduparaka mazungumzo yangekwenda hivi: Mama, huyu kijana alipokuwa mdogo aliwahi kuanguka mwembeni? Aliwahi kulazwa kwa malaria akashikwa na degedege? Pikipiki je, alianguka, na akaamka palepale au baadaye? Aliwahi kupigwa na askari, au na watu? Kulikuwa na mlipuko karibu yake? Na lile la mwisho, ambalo mama hulijibu haraka kuliko yote: tangu siku ile amebadilika nini? Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuyauliza kwa Kilugbara, kwa Kikakwa, kwa Kinubi au kwa Kiswahili cha soko, katika muda wa kunywa chai.

Anayedhani utafiti wa namna hii ni wa watu wakubwa wa mbali akumbuke Kuluva. Ni hospitali ya misheni, kilomita chache nje ya Arua kwenye barabara ya Nebbi. Ted Williams na kaka yake Peter walikuwa madaktari wake, na walitunza rejista za wagonjwa kwa uangalifu usio wa kawaida. Denis Burkitt, aliyekuwa akiifuatilia saratani ya taya ya watoto, alisafiri na Ted Williams mwaka 1961 katika ile safari yake ndefu ya hospitali za Afrika. Mwaka 1967 rejista za West Nile zilitoa makala iliyoonyesha jinsi saratani hiyo ilivyokuwa ikitokea kwa mafungu ya mahali na wakati. Sayansi ya dunia ilisogezwa na daftari la kijijini. Safu moja zaidi katika daftari la wodi ya upasuaji leo, ya namba ya simu ya ndugu na ya kutembelewa baada ya miezi sita, isingegharimu zaidi ya rula na kalamu, na muda wa mtu wa kutembelea.

Nina shaka moja tu kubwa, nayo si ya kitaalamu. Ardhi ya ukoo imepanda thamani tangu Arua ilipofanywa jiji tarehe 1 Julai 2020, na viwanja vya pembezoni kama Onduparaka vinagombaniwa na ndugu wa tumbo moja. Karatasi inayosema fulani aliumia ubongo itampa nafasi kwenye orodha ya wenye mahitaji maalumu, itamtoa mahabusu, itamweleza mke kwa nini mume amebadilika. Karatasi hiyohiyo, ikifika mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, mikononi mwa kaka anayetaka kuuza kiwanja, itakuwa ushahidi kwamba mwenye kiwanja hana akili ya kukataa. Basi majibu ya maswali yale yakae kwenye kituo cha afya na kwa ofisa wa ustawi wa jamii, kama yanavyokaa majibu ya virusi vya UKIMWI, na familia ielezwe namna ya kuishi na mgonjwa bila kukabidhiwa cheti. Na anapotakiwa kutia dole gumba kwenye hati ya mauzo, ofisa awepo, aulize mara mbili, kwa siku mbili tofauti, na kaka asiwe ndani ya chumba.